Mabuu Waliokataa Kuwa Nzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bushira alikuwa na kazi moja ambayo hakuipenda hata kidogo: kuwafukuza vijinzi kwenye mapapai ya mama yake. Mama yake, Bi Halimah, aliuza matunda katika soko la Busia upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Akina mama kutoka Bulumbi na Masaba walimletea mapapai na ndizi kulipokucha tu, na wanunuzi wa upande wa Kenya walidamka kuja kuyachagua. Lakini tunda likishaiva kupita kiasi, nzi wadogo wenye macho mekundu walikuwa wameshafika kabla ya mnunuzi yeyote.

"Pepea, Bushira, pepea!" Bi Halimah alizoea kumwambia huku akimfungia mteja mzigo. "Mtu akiona nzi, anaona uozo. Haulizi bei tena."

Basi Bushira alipepea kwa kipande cha boksi mpaka mkono ukamchoka, kisha akanawa, akabeba mkoba wake na kukimbilia shule.

Ndiyo maana siku Mwalimu Ochwo, mwalimu wao wa sayansi, alipotangaza kwamba mgeni kutoka Tororo angewaletea nzi wa matunda, darasa zima liliangua kicheko. Bushira alicheka kuliko wote.

"Nzi waletwe Busia, Mwalimu?" aliuliza. "Si ni kama kupeleka mahindi Buhehe, kwa wakulima wenyewe?"

Mgeni mwenyewe alikuwa Daktari Harriet Nasirumbi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alizaliwa huko huko Buhehe katika familia ya wakulima, na sasa alikuwa mtafiti katika maabara ndogo mjini Tororo. Aliposikia maneno ya Bushira alicheka naye. Kisha akatoa kwenye kikapu chupa mbili za kioo zilizozibwa kwa pamba. Moja ilifungwa uzi wa bluu shingoni, nyingine uzi mwekundu. Chini ya kila chupa kulikuwa na uji mgumu wa unga wa mahindi, sukari na hamira, na juu yake nzi walikuwa wakizungukazunguka.

"Sogeeni," alisema. "Nzi wa chupa ya bluu ni nzi wa kawaida. Hawa wa chupa nyekundu nimewatunza miaka mingi. Tazameni mabawa yao."

Wanafunzi walisogea, wakakodoa macho. Mabawa ya nzi wa chupa nyekundu yalikuwa yamejikunja kuelekea juu kama kucha zilizokatwa. Hayakunyooka kama ya wenzao.

"Mabawa hayo ni alama yangu ya kuwatambua," Daktari Harriet alieleza. "Ndani ya miili yao wamebeba kitu ninachokichunguza. Sitawaambia ni nini. Nitarudi na hadubini, nanyi mtaniambia mlichokiona. Nzi hutaga yai, yai huwa buu, buu huingia kwenye kifuko chake, na kutoka kifukoni huja nzi mpya. Angalieni kila hatua. Ila sharti ni moja: chakula chao ni hiki kilichomo kwenye kopo hili tu. Msiwape tunda la sokoni hata chembe. Tunda la sokoni huja na mayai ya nzi wa nje, na hamtayaona kwa macho."

Mwalimu Ochwo aliwachagua walinzi wawili wa chupa hizo. Mmoja alikuwa Egau, mtoto wa fundi wa baiskeli, kijana mpole aliyeweza kukaa kimya kutwa nzima. Wa pili alikuwa Bushira, kwa sababu, Mwalimu alisema, hakuna aliyewajua nzi kumshinda binti wa muuza mapapai.

Bushira aliifurahia kazi ile kuliko alivyotarajia. Aliona mayai meupe madogo kama vumbi la chumvi. Aliona mabuu wakitoka na kuuchimba ule uji. Alijisikia kama daktari na yeye, na kwa kujisikia huko, Ijumaa moja alilibeba kopo la chakula hadi nyumbani ili amwonyeshe mama yake. Alilisahau jikoni bila kulifunika. Jumapili alipolikumbuka lilikuwa limejaa sisimizi, na uji wote umeota ukungu wa kijani.

Aliona aibu. Angemwambiaje Mwalimu Ochwo kwamba mlinzi aliyesifiwa mbele ya darasa ameshindwa kulinda kopo? Jumatatu aliitazama chupa ya bluu, akaona chakula bado kipo. Lakini uji wa chupa nyekundu ulikuwa umekauka na kupasuka. Bushira akatazama huku na huku. Kisha akakata kipande kidogo cha papai kutoka kwenye chakula chake cha mchana, akakitumbukiza ndani na kurudisha pamba.

"Kipande kama ukucha," alijiambia. "Kitawadhuru nini?"

Wiki iliyofuata, mabuu wa chupa ya bluu walipanda kwenye kuta za kioo, wakatulia na kugeuka vifuko vya kahawia kama punje za simsim. Katika chupa nyekundu, wengine nao walifanya hivyo hivyo. Lakini asubuhi moja, Egau akiwa bado yuko nje anafagia, Bushira aliinyanyua chupa ile kwenye mwanga wa dirisha, na nusura imponyoke.

Kulikuwa na mabuu wengine ambao hawakuwa wamegeuka kitu. Walikuwa wamevimba. Walikuwa wakubwa kupita wenzao wote, wamenenepa na kung'aa kama punje za wali uliochemshwa kwa maji mengi. Ngozi zao zilikuwa nyembamba mno hivi kwamba mtu aliweza kuona ndani, na ndani mlikuwa na vitu vilivyojazana na kusukumana. Mmoja alilala ubavu kwenye kioo, akitikisika kidogo, kana kwamba mwili umemwelemea.

Mwili wa Bushira ulisisimka wote. Alitaka kuangalia pembeni lakini macho yalikataa kuondoka. *Papai*, aliwaza. *Nimewatia sumu kwa lile papai.*

Hakufikiri tena. Alichomoa njiti ya ufagio, akatoa pamba kidogo, akawachokoa mabuu wale waliovimba mmoja mmoja, pamoja na mabaki ya papai. Alivibeba vyote kwenye karatasi hadi nyuma ya jiko la shule na kuvimwaga chini. Kuku wa mpishi walikuja mbio, na kufumba na kufumbua pakawa peupe.

"Hawajambo?" Egau alimuuliza aliporudi.

"Hawajambo," Bushira alijibu.

Mchana Mwalimu Ochwo alimuuliza swali lile lile, naye akatoa jibu lile lile. "Wote wazima, Mwalimu."

Siku tatu baadaye Daktari Harriet aliwasili na hadubini ndani ya sanduku la mbao. Hakuwa mtu yule waliyemwona mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, na hata salamu alizitoa haraka haraka.

"Mwalimu, nimepata msiba wa kazi," alisema. "Umeme ulikatika kule kwetu na kabati la baridi likageuka tanuri. Nzi wangu wote wa mabawa yaliyokunjika wamekufa. Waliobaki ni hawa niliowaletea watoto wako. Hawa tu. Nimekuja kuwachukua."

Bushira alijisogeza nyuma ya mgongo wa Egau.

Daktari aliishika chupa nyekundu, akaigeuza polepole kwenye mwanga. Akaigeuza tena. Akatoa kioo cha kukuzia, akachungulia kila upande huku wanafunzi wakinyoosha shingo.

"Hawapo," alisema hatimaye.

"Akina nani, Daktari?" Mwalimu Ochwo aliuliza.

"Majitu. Katika chupa hii lazima wawepo mabuu wanaovimba na kuwa wakubwa mno. Wanakula, wanakua, wanakua tu, na hawawi nzi kamwe. Hao ndio ninaowachunguza. Kama hawapo, basi mbegu yangu imepotea." Alisogeza kioo karibu zaidi. "Na hawa je? Tazama, Mwalimu. Nzi wawili wa mabawa yaliyonyooka! Hawa si wangu. Wameingiaje humu?"

Kisha Egau akasimama.

"Labda ni mimi," alisema. "Juzi kulikuwa na joto, nikafungua dirisha. Na pamba niliikuta imelegea kidogo. Nilidhani haina neno." Akaanza kulia, mtoto yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia.

Daktari Harriet alimshika bega. Hakumkaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Usilie," alimwambia. "Ila nzi wa nje wakishachanganyika na hawa, nami sijui lini wala vipi, siwezi tena kuamini chochote kitakachotoka kwenye chupa hii. Mwalimu, niombee maji ya moto. Nikiwarudisha maabara, wataharibu hata utafiti wa wenzangu."

Mpishi alileta birika likifuka moshi. Daktari alichomoa pamba nusu, akaliinua birika.

"Usimwage!"

Sauti iliyotoka kwa Bushira ilimshtua hata yeye mwenyewe. Darasa zima liligeuka.

"Usimwage, Daktari! Si Egau. Ni mimi. Niliharibu chakula, nikawapa papai la Mama. Na majitu walikuwepo. Niliwaona kwa macho yangu. Nilidhani nimewatia sumu, nikawatoa, nikawapa kuku."

Wanafunzi walimtazama Egau, kisha wakamgeukia Bushira.

"Yawa!" Mwalimu Ochwo alitamka, mkono ukiwa kichwani. "Bushira! Si uliniambia wote wazima?"

Daktari Harriet aliliweka birika chini taratibu na kuketi.

"Uliwaona," alisema. "Walikuwaje? Niambie bila kuongeza wala kupunguza."

Bushira alisimulia huku machozi yakimdondoka: wali uliochemshwa kwa maji mengi, ngozi iliyokuwa ikionyesha ndani, vitu vilivyosukumana, yule aliyelala ubavu. Alieleza ni siku gani aliweka papai na kwamba lilikuwa kipande kimoja tu. Kadiri alivyoeleza, ndivyo uso wa Daktari ulivyobadilika.

"Mwanangu," alisema, "hukuwatia sumu. Papai halikuwavimbisha. Walizaliwa hivyo, na nimetoka Tororo hadi hapa ili niwaone. Ulikuwa wa kwanza kuona kitu ambacho darasa hili lote lilikuwa likikingojea, ukakitupia kuku!"

Bushira alikuwa amekificha kitu kwa kudhani ni kosa lake, kumbe kile kitu ndicho kilichokuwa jibu. Aliona heri ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu Ochwo alisema jambo hilo lazima mzazi alijue, akamtuma mwanafunzi sokoni amwite Bi Halimah. Wakati huo Daktari alikuwa ameshaanza kazi. Kwa kuwa sasa alijua papai liliingia lini, alijua pia kwamba nzi wa nje ndio kwanza wametoka vifukoni, na huenda bado hawajachanganyika na wake. Aliwatoa wale wawili. Kisha akachukua kibano na kuuchambua ule uji wa chini chembe kwa chembe. Bushira na Egau walisimama kando yake.

"Huyu hapa," Daktari alinong'ona.

Buu mmoja mkubwa alikuwa amezama ndani kabisa ya uji, mahali ambapo njiti ya Bushira haikufika.

Daktari alimpasua chini ya hadubini, na pembeni akampasua buu wa kawaida wa chupa ya bluu. "Pangeni mstari," aliwaambia. "Angalieni kwanza wa kawaida, kisha jitu."

Zamu ya Bushira ilipofika, alifunga jicho moja. Katika buu wa kawaida aliona kipande chembamba cha mwili kilichojengwa kwa vyumba vidogo vidogo, vimesimama bega kwa bega kama punje za mahindi kwenye gunzi. Daktari akasogeza kioo. Bushira alirudi nyuma ghafla kama aliyeunguzwa. Kipande kile kile cha mwili katika yule jitu kilikuwa bonge. Punje zake hazikuwa na safu, zililaliana na kukandamizana kama mahindi yaliyomwagwa kutoka kwenye gunia.

"Vile vyumba vidogo ni seli," Daktari Harriet alisema. "Miili yetu yote imejengwa kwa seli. Kila seli ina kichwa chake na mguu wake, inajua upande upi ni juu na upi ni chini. Inajuaje? Pembeni mwake kuna protini maalumu zinazoshika zamu. Mnawajua askari wanaopanga malori pale mpakani? Askari akiwepo, lori linajua lisimame wapi na lini. Siku akikosekana?"

"Yanaziba barabara yote!" darasa lilijibu.

"Basi nzi hawa wamerithi jeni iliyoharibika, jeni inayotengeneza askari mmojawapo. Nzi wa mabawa yaliyokunjika wanayo moja nzuri na moja mbovu, kwa hiyo wanaishi salama. Lakini mtoto wao akirithi mbovu kutoka kwa baba na mbovu kutoka kwa mama, hana askari kabisa. Seli zake zinasahau juu na chini. Tena zinasahau kuacha kugawanyika. Zinaongezeka tu, mpaka zinakuwa uvimbe. Ndiyo maana buu hawezi kuwa nzi."

Egau, aliyekuwa ameshafuta machozi, aliinua mkono. "Daktari, na sisi watu tunao askari hao?"

"Mnao. Kila mmoja wenu, sasa hivi. Protini zenu ni ndugu wa karibu wa protini za nzi huyu."

Minong'ono ilizuka. Wengine walijishika mikono na mashavu kana kwamba wangezihisi seli zao.

"Ndiyo maana namchunguza nzi," aliendelea. "Kwa mtu, seli zikiasi namna hiyo na kuanza kuvamia mwili, tunasema ana saratani. Si kila uvimbe ni saratani, tafadhali mnielewe. Lakini kila uvimbe unataka kuonwa na mtu anayejua, tena mapema."

Bi Halimah alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja ameshafunga kilemba vizuri kwa ajili ya kumgombeza binti yake, lakini hakuna aliyemsikia akifoka. Alisogea mpaka kwenye hadubini, akaomba naye aone. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu kuliko watoto wote.

"Daktari," aliuliza bila kuinua kichwa, "uvimbe kama huu unauma?"

"Mara nyingi mwanzoni hauumi, Mama. Ndiyo hatari yake. Mtu anasema, mbona hauniumi, utaondoka wenyewe."

Bi Halimah aliketi kwenye benchi la wanafunzi. Rangi ilikuwa imempotea usoni. Mwalimu Ochwo aliona kuna jambo, akawatoa wanafunzi nje. Bushira peke yake alibaki, kwa kuwa mama yake alikuwa amemshika mkono na hakuuachia.

"Mimi nina kitu hapa," Bi Halimah alisema, akiweka mkono upande wa titi la kushoto. "Kigumu kama kokoto. Kilianza kabla ya Ramadhani. Sijamwambia mtu. Hata baba yake huyu hajui."

Bushira alimgeukia mama yake. Kabla ya Ramadhani! Miezi yote hiyo mama yake alikuwa akiinua makreti, akicheka na wateja, akimwambia pepea, pepea.

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, mwanangu. Nilidhani nikisema, kitakuwa kweli." Alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Nimekuja hapa kukuchapa kwa kuficha. Astaghfirullah! Nitakuchapaje?"

Daktari Harriet alipiga magoti mbele ya Bi Halimah. "Mama, mimi ni daktari wa nzi, si wa watu. Siwezi kukuambia hicho ni nini, na huenda si kitu kibaya. Lakini wanaojua wapo Tororo. Kesho asubuhi tutakwenda wote. Leo jioni mwambie mzee wako."

Jioni hiyo Bi Halimah alimwambia mumewe, Mzee Swabur, ambaye alikuwa dereva wa lori. Usiku ule ule mzee alimpa dereva mwenzake ufunguo wa lori na kusema safari ya Mombasa itamsubiri mwingine.

Hospitalini walikata kipande cha ule uvimbe na kukipeleka kupimwa. Siku za kungojea zilikuwa ndefu. Majibu yalipotoka, hayakuwa yale waliyoyaomba: ilikuwa saratani. Lakini daktari wa upasuaji aliwaonyesha kwenye karatasi jinsi ulivyokuwa bado mdogo, haujasambaa popote. "Mngekuja mwakani," alisema, "tungekuwa na mazungumzo mengine." Bi Halimah alipasuliwa, kisha akaanza matibabu ya dawa ambayo yalimchosha na kumnyoa nywele zote. Shangazi alishika meza ya matunda sokoni.

Shuleni, Bushira alikuwa na deni lake. Kwanza alimwomba Egau msamaha mbele ya darasa lililoshuhudia machozi yake. Egau aliinama, akasema, "Yameisha. Ila kazi tutafanya wote." Na kazi ilikuwepo. Daktari alitaka uhakika kwamba mbegu yake haijachafuliwa, hivyo aliwatenganisha nzi wa mabawa yaliyokunjika, dume mmoja na jike mmoja katika kila kichupa, akaviacha shuleni mpaka kabati lake litengenezwe. Jozi itakayozaa majitu ndiyo itakayokuwa safi, kwa kuwa baba na mama wote watakuwa wanaibeba ile jeni mbovu. Bushira na Egau walipika uji, wakachemsha vichupa, wakabadilisha pamba, wakachungulia kabla ya darasa na baada ya darasa. Chakula kilipobaki kidogo, Bushira alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Ochwo na kusema kimebaki kidogo. Kichupa kimoja kilipoota ukungu, alisema kimeota ukungu.

Kisha ikaja asubuhi Egau alipompigia kelele kutoka dirishani. Katika vichupa vitano, juu ya uji, walikuwepo: wanene, wanang'aa, wamevimba. Bushira aliwatazama na mwili ukamsisimka vile vile kama mara ya kwanza. Walikuwa bado wanatisha. Lakini safari hii alikimbia moja kwa moja hadi chumba cha walimu.

"Mwalimu! Wapo! Njoo uone, wapo!"

Daktari Harriet alivichukua vichupa vile kurudi navyo Tororo akiwa amevipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Matibabu ya Bi Halimah yalipofika mwisho na daktari wake kusema hali inaridhisha, ingawa atapaswa kurudi kuangaliwa kila mara, Mwalimu Ochwo alimwomba aje azungumze na darasa. Alikuja akiwa amekonda, kilemba kimefunika kichwa kisicho na nywele, lakini sauti ni ile ile iliyozoea kuita wateja.

"Mwalimu wenu amenikumbusha methali," alianza. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilikuwa nimebakiza kidogo tu nifichuliwe. Msidhani nilificha kwa sababu ni mtu mbaya. Binti yangu naye hakuwaficha wale mabuu kwa sababu ni mbaya. Sote wawili tuliogopa. Lakini sikilizeni, wanangu. Kitu kikiharibika ukakificha, hakiachi kuharibika. Kinaendelea huko huko gizani, na wale wanaoweza kukusaidia wamekaa nje hawana habari."

Mwanafunzi mmoja wa nyuma aliuliza kama kusema hakukumtisha.

"Kulinitisha sana," Bi Halimah alijibu. "Hofu ya kusema iliniuma kwa dakika moja, pale kwenye benchi hilo mlilokalia. Hofu ya kuficha nililala nayo miezi. Na aliyenifungua mdomo ni huyu." Akamwonyesha Bushira kwa kidole. "Siku ile alipiga kelele, 'Usimwage!' Asingesema lake, mimi nisingeitwa hapa, na langu ningeenda nalo kaburini. Basi mkikosea, semeni. Mkiona jambo msilolielewa, semeni. Mkihisi kitu mwilini, msingoje mpaka kiwaume, semeni."

Alipomaliza, miguu ilikuwa imemchoka. Bushira alisogea kwenye benchi, na mama yake akaketi kando yake.